Aliyekataa Mamilioni Akabaki na Timu Yake

Akina mama wengi wa hapa Heru Juu tunaujua mpira kwa sabuni. Mtoto akirudi kutoka uwanjani jioni, udongo mwekundu wa Kasulu umeshika kaptula mpaka mifukoni, na maji ya kufulia tumeyapandisha mlima kichwani. Tunagomba kidogo, tunafua, na kesho yake hali ni ile ile. Tena upo mpira wa redioni. Siku Simba na Yanga wanapokutana, baba watoto hakumbuki kama mbuzi wamerudi au bado. Ndiyo maana wengi wetu tumezoea kuuona mchezo huu kuwa ni jambo la wanaume, lisilotuhusu.

Lakini siku hizi linatuhusu sana. Msimu wa 2023/24 mkoa wetu wa Kigoma uliingiza timu ya Mashujaa katika Ligi Kuu, ikichezea Uwanja wa Lake Tanganyika, na vijana wetu wa Kasulu na Kibondo wakaona kwa macho yao kwamba mpira unaweza kuwa kazi ya kumlisha mtu. Wanasikia kwamba fulani amesajiliwa kwa mamilioni, mwaka unaofuata amehamia kwa watani, na mwaka mwingine amekwenda nje ya nchi. Ndipo kijana anapomwuliza mama yake: "Mama, nikiitwa na timu kubwa, niende? Na nikiwa tayari nina timu, ikaja nyingine yenye fedha zaidi, nifanyeje?"

Swali hilo si la mpira peke yake. Ni swali la fedha, la shukrani, la ahadi na la kutosheka. Kwa hiyo katika toleo hili tunapenda kuwasimulia habari za mfungaji mmoja aliyeulizwa swali hilo waziwazi, mbele ya fedha ambazo watu wengi hawazioni maishani mwao. Tutaeleza alichojibu, alichopata na alichokosa.

Mabao matatu ya mwaka 1977

Kwanza tuanze hapa nyumbani. Ukiwauliza wazee wapenda kandanda ni mfungaji gani ambaye jina lake halitengani na jina la klabu, wengi watamtaja Abdallah Kibadeni, aliyepewa jina la "King". Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6-0. Kibadeni peke yake alifunga matatu, katika dakika za 10, 42 na 89. Jumanne Hassan "Masimenti" alifunga mawili, na moja Yanga walijifunga wenyewe. Ilikuwa siku ya kulipa deni, kwani tarehe 1 Juni 1968, Simba ikiwa bado inaitwa Sunderland, Yanga waliifunga mabao 5-0.

Karibu miaka hamsini imepita tangu siku ile, na hajatokea mchezaji mwingine wa kufunga mabao matatu peke yake katika mechi moja ya ligi baina ya watani hao. Katika miaka ile Simba ilitwaa ubingwa wa Tanzania mara tano mfululizo, kuanzia 1976 hadi 1980. Mwaka 1993 Kibadeni alikuwa tena na Simba, safari hii akiwa kocha, timu ilipofika fainali ya Kombe la CAF na kushindwa na Stella ya Abidjan. Baadaye alifundisha na timu nyingine, lakini mtu akisema "Kibadeni", msikilizaji anaona jezi nyekundu.

Hata hivyo, enzi zile mpira wetu ulikuwa wa ridhaa. Mchezaji alikuwa na kazi yake ofisini au kiwandani, na mpira ulikuwa wa jioni. Jaribu la fedha lilikuwepo, lakini halikuwa kama la leo. Ili tulione jaribu hilo kwa ukubwa wake wote, inatupasa tutoke nje ya nchi, twende Ujerumani, kwa mtu aliyeitwa Uwe Seeler.

Mtoto wa bandarini

Sisi watu wa Kigoma tunaikumbuka Ujerumani kwa meli ya Liemba. Meli hiyo ilijengwa mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, kaskazini mwa nchi hiyo, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa huku kwa bahari na kwa reli. Upande huohuo wa kaskazini ndiko uliko mji wa Hamburg, wenye bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani. Uwe Seeler alizaliwa Hamburg tarehe 5 Novemba 1936.

Baba yake, Erwin, alikuwa kibarua wa bandarini na pia mchezaji mpira aliyejulikana sana mjini. Mama yake aliitwa Anny. Haikuwa nyumba ya matajiri. Uwe alipokuwa na umri wa miaka sita, Julai 1943, mji ule ulipigwa mabomu usiku baada ya usiku, na maelfu kwa maelfu ya watu wakafa. Vita ilipokwisha watoto walicheza kwenye vifusi. Mwaka 1946, akiwa na miaka tisa, aliandikishwa katika timu ya watoto ya klabu ya mji huo, Hamburger SV, ambayo watu huiita HSV. Baba yake alikuwa ameichezea klabu hiyo, na kaka yake Dieter aliichezea pia.

Wazazi wake hawakutaka mtoto ategemee miguu peke yake. Uwe alijifunza kazi ya ukarani katika kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Tunaomba msomaji alishike jambo hili dogo, kwa maana litarudi baadaye. Mtoto aliyekuwa na kipaji kilichoonwa na mji mzima alipelekwa kujifunza kazi ya mezani.

Mwaka 1954, akiwa hajatimiza miaka 18, aliingia timu ya wakubwa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo aliitwa timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi kucheza na Ufaransa. Hakuwa mtu mrefu. Alikuwa mfupi, mnene wa mapaja, lakini aliruka kupiga kichwa kuliko walinzi warefu, na alifunga hata akiwa ameanguka, akiwa ameipa goli mgongo. Watu wa Hamburg walimpenda upesi. Wakawa wanamwita "Uwe wetu", kana kwamba ni mtoto wa kila nyumba.

Wakati huo Ujerumani Magharibi haikuwa bado na ligi moja ya nchi nzima. Kulikuwa na ligi za kanda, na washindi wake ndio waliogombea ubingwa wa taifa. Mwaka 1960 HSV ilifika fainali na kuishinda Köln mabao 3-2. Seeler alifunga mawili, na mwaka huo alichaguliwa mchezaji bora wa nchi. Mwaka uliofuata timu ilifika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya, ikatolewa na Barcelona baada ya kuhitajika mechi ya tatu. Sasa Ulaya nzima ilikuwa imemwona.

Siku tatu za mazungumzo

Mwaka 1961 klabu ya Inter ya mji wa Milan, Italia, ilimtuma Hamburg kocha wake, Helenio Herrera, aende mwenyewe kumshawishi. Mazungumzo yalichukua siku tatu. Fedha zilizotajwa zilizidi marki milioni moja. Ili tuelewe maana yake, tukumbuke kwamba katika Ujerumani Magharibi ya wakati huo mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo, na kikomo hicho kilikuwa mamia machache tu ya marki kwa mwezi. Kwa mshahara huo wa klabu, mtu angecheza zaidi ya miaka mia moja ndipo afikishe kiasi kile alichowekewa mezani kwa mara moja.

Seeler alikuwa na miaka 24. Alikuwa na mke, Ilka, aliyekuwa mchezaji wa mpira wa mikono. Walikuwa wameoana Februari 1959. Mji wote ulingoja jibu. Magazeti yaliandika kila siku. Na jibu lilipotoka, lilikuwa: hapana. Atabaki Hamburg.

Kwa nini alikataa? Hapa ndipo tunapotaka kuwa waangalifu, kwa maana hadithi kama hii huwa rahisi kuisimulia kwa kumfanya mtu malaika. Seeler hakukataa fedha kwa sababu alizichukia. Alikataa kwa sababu alikuwa ameshapiga hesabu ya maisha yake. Adi Dassler, mwenye kiwanda cha viatu vya Adidas, alikuwa amempa kazi ya kuuza viatu vyake kaskazini mwa Ujerumani. Ilikuwa kazi ya kweli, ya kuendesha gari kutoka duka hadi duka akiwa na mabegi ya viatu, kisha jioni kwenda mazoezini. Kazi hiyo ingeendelea hata baada ya miguu kuchoka. Alikuwa na nyumba, mke, wazazi na ndugu karibu. Aliona kwamba anachohitaji anacho.

Miaka yote iliyofuata aliulizwa kama alijuta, naye alijibu daima kwamba hakujuta.

Akina mama, tutazame kilichomwezesha kusema hapana. Hakuwa na njaa. Alikuwa na ujuzi mwingine nje ya mpira. Alikuwa na mke ambaye angeweza kuishi naye maisha ya kadiri bila manung'uniko. Mtu asiye na vitu hivi vitatu hawezi kuambiwa kwa wepesi "usitamani". Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini ni lazima kwanza mtu awe na mbacha wake wa kukalia.

Alichopata, alichokosa

Baada ya uamuzi ule Seeler alicheza HSV miaka kumi na moja zaidi. Mwaka 1963 alifunga mabao yote matatu katika fainali ya Kombe la Ujerumani dhidi ya Borussia Dortmund. Mwaka huohuo ligi ya nchi nzima, Bundesliga, ilianza, na katika msimu wake wa kwanza Seeler ndiye aliyekuwa mfungaji bora, kwa mabao 30. Alipotundika viatu mwaka 1972 alikuwa ameichezea HSV mechi 476 za ligi na kufunga mabao 404: mabao 267 katika ligi ya kanda na 137 katika Bundesliga. Ni zaidi kidogo ya mabao matano kwa kila mechi sita. Katika klabu hiyo hakuna aliyemfikia mpaka leo.

Kwa timu ya taifa alicheza mechi 72 na kufunga mabao 43. Alikwenda fainali nne za Kombe la Dunia, mwaka 1958, 1962, 1966 na 1970, na katika kila moja alifunga. Yeye na Pelé wa Brazili ndio waliokuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 1970 kule Meksiko, Wajerumani wakiwa nyuma kwa bao moja mbele ya Uingereza, alisawazisha kwa kisogo huku akiwa ameipa goli mgongo, na timu yake ikaja kushinda 3-2.

Haikuwa njia nyeupe tupu. Februari 1965 ukano mkubwa wa kisigino ulikatika uwanjani. Kwa siku zile, jeraha kama hilo lilikuwa ndio mwisho wa mchezaji. Alitengenezewa kiatu maalumu, akafanya mazoezi peke yake miezi mingi, na Septemba mwaka huohuo alirudi timu ya taifa kule Sweden na kufunga bao la ushindi lililoifungulia Ujerumani njia ya Kombe la Dunia la 1966. Tunapofikiria miezi ile, tujiulize pia kuhusu huyo mke aliyekuwa nyumbani na mume mwenye mguu kwenye plasta. Wanaoandika rekodi huhesabu mabao. Hawahesabu vyakula vilivyopelekwa kitandani.

Sasa tuseme na alichokosa. Inter, ambayo aliikataa, ilitwaa Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 1964 na tena 1965. Seeler hakulitwaa kombe hilo kamwe. HSV haikupata ubingwa wa Bundesliga hata mara moja katika miaka yake yote. Iliupata mwaka 1979, yeye akiwa ameshaondoka uwanjani miaka saba. Mwaka 1966 alikuwa nahodha wa Ujerumani iliyoshindwa na Uingereza 4-2 katika fainali ya Kombe la Dunia, na picha yake akitoka uwanjani ameinamisha kichwa inajulikana mpaka leo. Mwaka 1968 HSV ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, ikafungwa 2-0 na Milan, timu ya mji uleule aliokataa kuhamia.

Kwa hiyo tusiwafundishe watoto wetu kwamba ukiwa mwaminifu utapata kila kitu. Seeler alilipa gharama, na aliilipa kwa miaka mingi. Alichopata ni cha namna nyingine. Alipokuwa mzee angeweza kuingia duka lolote la Hamburg na kukaribishwa kama jamaa wa nyumbani.

Mwaka 1978, akiwa na miaka zaidi ya 40, alialikwa Ireland kwa shughuli za biashara ya viatu. Akaicheza mechi moja akiwa na timu ya Cork Celtic, akidhani ni ya kirafiki. Kumbe ilikuwa ya ligi! Alifunga mabao mawili, na timu yake ikapigwa sita. Ndiyo mechi pekee ya ligi aliyowahi kuichezea klabu nyingine.

Uaminifu wa miaka 63

Uwe na Ilka walipata mabinti watatu. Hawakupata mtoto wa kiume wa kurithi jezi, na hatujasikia kwamba nyumba ile iliona upungufu. Mjukuu wao mmoja, Levin Öztunali, aliyezaliwa na binti yao, alikuja kucheza Bundesliga.

Mwaka 1995 klabu ilikuwa katika hali mbaya, wakamwomba awe rais wake. Alikubali, ingawa uongozi haukuwa fani yake. Mambo ya fedha yakaharibika ndani ya uongozi huo, naye akaondoka mwaka 1998.  Lakini hakuipa klabu kisogo. Aliendelea kukaa jukwaani kila timu ilipocheza nyumbani. Mwaka 2005 mbele ya uwanja wa HSV iliwekwa sanamu kubwa ya shaba ya mguu wake wa kulia, uzito wake tani kadhaa, na watoto hupiga picha wakiwa wamekaa kwenye vidole.

Mwaka 2018 HSV ilishuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia ya Bundesliga. Seeler aliiona siku hiyo, akiwa na miaka 81. Alifariki tarehe 21 Julai 2022 timu ikiwa bado daraja la pili. Ilirudi daraja la kwanza mwaka 2025, yeye akiwa ameshalala. Ilka alikuwa amekaa naye katika ndoa miaka 63. Sisi tunaiweka hesabu hii juu ya ile ya mabao 404, na tunadhani naye angekubali.

Uaminifu hauna upande mmoja

Hapa kuna jambo ambalo akina mama tusilipitie juu juu. Tunapomwambia kijana awe mwaminifu kwa timu, tumwambie pia kwamba timu nayo inapaswa kuwa mwaminifu kwake. Tumtazame Lionel Messi wa Ajentina. Alifika Barcelona, Hispania, akiwa na miaka 13, akaifungia klabu hiyo mabao 672 katika mechi 778, na alitaka kuendelea nayo. Agosti 2021 klabu ilikuwa imezama katika madeni kiasi cha kushindwa kumwandikisha tena. Aliaga kwa machozi mbele ya waandishi wa habari. Moyo wake ulibaki, lakini mlango ulifungwa.

Kwa hiyo kijana wa Heru Juu anayeondoka kwenda kutafuta timu mbali ili dada zake wasome shule si msaliti. Wala anayehama klabu isiyomlipa mshahara miezi sita si mtu wa tamaa. Huyo anatafuta haki yake. Lipo lakini jambo jingine, la yule anayetia saini huku leo, na kesho anachukua fedha za huko kwa siri, halafu timu mbili zinamgombania ofisini. Hilo ni kuvunja ahadi, na mtoto aliyelizoea kwenye mpira atalizoea na kwenye ndoa, na kwenye biashara, na kwa wazazi wake.

Tunachoweza kufanya sisi akina mama

Mama anaweza kusema: mimi sijui mpira, nitamshauri nini mtoto? Hakuna haja ya kujua mpira. Yako mambo machache yaliyo katika uwezo wetu kabisa.

Kwanza, mtoto amalize shule au ajifunze kazi. Seeler alikuwa na ukarani, kisha biashara ya viatu. Kijana wetu anaweza kuwa na useremala, ufundi wa umeme, ushonaji au shamba la kahawa lililopandwa vizuri. Mpira ni wa miaka michache, na kisigino kinaweza kukatika siku moja alasiri. Kijana mwenye kazi nyingine mkononi haogopi kusema hapana kwa mkataba mbaya.

Pili, akija mtu nyumbani akidai ni wakala na anataka kumchukua mtoto, asiondoke naye siku hiyo. Wazazi wote wawili wakae, na awepo mtu mwingine anayeweza kusoma mkataba, kama mwalimu au ndugu aliyeelimika. Tuulize: anakwenda timu gani? Atalala wapi? Atasoma wapi? Akiumia, nani atamtibu? Tuyataka majibu hayo yaandikwe. Sheria za FIFA, chama kinachosimamia mpira duniani, haziruhusu mtoto chini ya miaka 18 kusajiliwa nje ya nchi yake, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa, wala kufungwa na mkataba unaozidi miaka mitatu. Mtu anayemwahidi mtoto wa miaka 15 kwamba atampeleka Ulaya mwezi ujao, tumwogope. Na anayewaomba wazazi fedha za kumpeleka, tumfungulie mlango atoke.

Tatu, tuongee nyumbani kuhusu kutosha ni kiasi gani. Hili ni gumu kuliko yote. Tukiwa kila siku tunamlinganisha baba watoto na jirani aliyejenga nyumba ya bati jipya, mtoto anasikia. Anajifunza kwamba mtu ni kile anachopata. Siku atakapowekewa fedha mezani hatakuwa na kipimo cha kuzipima. Lakini akikua akiwaona wazazi wanapanga pamoja, wanasema hiki kinatosha kwa mwaka huu na kile kitangoja mavuno ya maharage, atakuwa na kipimo.

Nne, tusiwasahau mabinti. Nao siku hizi wana ligi yao, na wapo waliokwenda kucheza nje ya nchi. Maswali yale yale tunayouliza kwa mvulana tuyaulize kwa msichana, tena kwa makini zaidi, hasa lile la wapi atalala na nani atakuwa naye.

Tano, siku moja moja twende uwanjani. Si lazima tukae mpaka mwisho. Kijana anayemwona mama yake amesimama kando ya uwanja, kitenge kiunoni na mtoto mgongoni, anajua kwamba anachokifanya kinatazamwa na watu wanaompenda. Uwe Seeler alizaliwa katika nyumba ya aina hiyo, ambamo baba alicheza, kaka alicheza, na jioni mpira ulizungumzwa mezani. Alipoitwa aende mbali kwa mamilioni, alijua vizuri ni nini ambacho angekiacha nyuma.

Huenda kati ya wale watoto wanaorudi jioni na udongo mwekundu kwenye kaptula yumo mmoja atakayeulizwa swali kama lile. Huenda asiulizwe na klabu ya Ulaya. Ataulizwa na mwajiri, na rafiki, au na mtu mwenye bahasha. Jibu atakalotoa siku hiyo hatalitunga palepale, kwa maana alilianza zamani, akiwa kwetu.